Mnaoanza udodosaji, anzeni kulifikiria swali la mwisho

Wadogo zangu mnaokwenda fildi mara ya kwanza, hongereni, ila kupewa kishkwambi na semina ya siku chache hakujakufanya uijue kazi. Mimi nimedodosa maoni ya wananchi misimu mingi, mjini na vijijini, na natamani mtu angeniambia hili mapema, mwananchi anamjibu yule anayedhani kakutuma.

Afrobarometer, wale wanaopima maoni ya wananchi barani Afrika, walioanza 1999 na nchi 12, mwishoni kabisa mwa dodoso lao wanauliza, unadhani nani ametutuma kwako? Yaani umejitambulisha vizuri, umesema sisi watafiti huru, kaitikia, mmeongea karibu saa nzima, halafu ukiuliza hilo anakwambia "si serikali?" Sasa hebu rudi nyuma uyaangalie yale yote aliyosema kuhusu rais, mbunge, polisi na rushwa, kumbe muda wote alikuwa anaiona serikali imekaa pale kwenye kigoda chako.

Kwa hiyo kibali mpelekee mtendaji wa kijiji, saini kitabu cha wageni, shukuru, lakini mwenyekiti akisema ngoja niwasindikize hadi kwenye kaya, mwombe kwa adabu abaki. Najua ni ngumu, ni mkarimu na wewe ni mgeni, mwombe tu.

Kuna kijiji kimoja Singida nilikuwa na mama mmoja anachambua choroko kwenye ungo, anaongea vizuri kweli, shida ya maji, dawa hakuna zahanati, diwani hawajamwona, mara akaja balozi wa nyumba kumi akasimama pale kwenye michongoma wala hakusema neno. Yule mama hakuinua tena macho, mikono ikaanza kwenda mbio kwenye ungo, na kila nilichouliza "sijui", "sijui mwanangu". Nikajaza sijui nane mfululizo nikaondoka na mpaka leo inaniuma, manake zile hazikuwa sijui. Siku hizi nikiona hivyo nasimama hapo hapo, naomba maji ya kunywa, naulizia mvua, mgeni akiondoka ndo tunaendelea, asipoondoka tunapanga saa nyingine.

Halafu swali la njaa. Katika miezi 12 iliyopita, ni mara ngapi wewe au mtu wa familia yako mlikosa chakula cha kutosha? Ukiuliza mwezi wa saba gunia limejaa ndani, mzee atakwambia kamwe, na aibu nayo ipo, nani anataka kumwambia kijana wa mjini kwamba wanawe walilala njaa. Usibadilishe maneno ya swali, lisome lilivyo, taratibu, halafu nyamaza. Mzee mmoja alinijibu kamwe, nikatulia kidogo kabla ya kubonyeza, akaangalia shamba akasema, "labda ule mwezi wa pili, tulikuwa tunakula mara moja." Ningekuwa na haraka ningeondoka na kamwe yangu.

Na jamani msipike data. Sampuli ya watu 2,400 mara nyingi ni maeneo 300, kila eneo watu 8 tu, wanaume na wanawake kwa zamu. Ile nyumba ya kule mlimani unayotaka kuiruka kwa sababu ya jua, ukaingia hii ya barabarani yenye duka, ndiyo isiyo na umeme na wanachota maji mbali, na mkiiruka wengi nchi itaonekana ina umeme kuliko ilionao. Panda. Ukikuta hawapo, rudi jioni.

Na wapo watakaokuuliza jina langu umeliandika wapi. Usijitetee kwa maneno mengi, mgeuzie kishkwambi, mpitishe ukurasa kwa ukurasa aone mwenyewe kwamba halipo, na kama hasomi mwite mjukuu wake amsomee.