Sufuria ya presha itakula umeme wangu wote?

SWALI: Tuko watu saba hapa Katindo, Goma. Gunia la makala (mkaa) halifiki mwisho wa mwezi. Nataka kununua sufuria ya presha ya umeme, lakini shemeji anasema hizo wati 1,000 zitamaliza kwa siku mbili umeme niliolipia. Ni kweli?

JIBU: Mama, shemeji amesoma namba iliyoandikwa chini ya sufuria, hajaangalia mita. Wati 1,000 huvutwa mpaka presha ipande, dakika 20 hivi. Baada ya hapo sufuria hujizima, na hujiwasha kidogo kidogo tu. Nusu kilo ya maharage yaliyolala majini hutumia karibu nusu kilowati-saa, kipimo kinachohesabiwa na mita. Na usiniamini mimi: zima vingine vyote, andika namba ya mita, pika, andika tena. Zidisha tofauti kwa bei unayolipa, kisha linganisha na makala ya chungu hichohicho.

Kuna jambo la Goma lenyewe. Tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95, si 100. Ndiyo sababu maharage yanakusumbua mchana kutwa: unaongeza makala, maji yanatokota zaidi, lakini joto halipandi hata kidogo. Ndani ya presha linapita nyuzi 110.

Kilo moja ya makala ina kama kilowati-saa 8, ila kwenye mbabula (jiko la makala) ya bati tupu robo tu, au chini ya hapo, ndiyo inayoingia chunguni. Na kabla haijafika sokoni, kilo hiyo imekula kilo 6 za kuni au zaidi kwenye tanuru la udongo, ambalo moshi wake hubeba pia methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Umeme wetu wa mtambo wa Matebe, kama ule wa Ruzizi, unatoka kwenye maji ya mto, hauchomi kuni.

Bugali acha kwenye mbabula, ila iwe ile yenye udongo ndani. Ukisonga kwenye presha utakwangua sufuria.

Usiichomeke kwenye waya mwembamba wa kurefushia, ule wa kuchajia simu. Baada ya dakika kumi gusa plagi: ikiwa ya moto, zima, ita fundi. Umeme ukikatika katikati, usifungue kifuniko. Maharage yanaendelea kuiva kwa joto lililobaki.