Sarafu ya Kirumi Haitoi Tarehe ya Mtaro

Swali: Ninaishi Uingereza, na mwenye shamba ninakofanya kazi ameniruhusu kupita na kifaa cha kutambua metali. Ndani ya mtaro wa kale nimechimbua sarafu ya shaba ya Konstantino, kaizari wa Kirumi, pamoja na vigae vyeusi. Je, mtaro huo ni wa Warumi wa karne ya 4? Na je, niisafishe sarafu kwa siki?

Jibu: Siki usiiguse, hula ngozi ya sarafu pamoja na maandishi yake, na wanaofundisha mbinu hiyo kwenye video wanaharibu wasichokijua.

Kuhusu mtaro, sarafu inathibitisha jambo moja tu, kwamba udongo ulioifunika haukumwagika pale kabla sarafu yenyewe haijatengenezwa. Mtaro unaweza kuwa ulichimbwa na wakulima wa Enzi ya Chuma kabla majeshi ya kaizari wa Kirumi Klaudio hayajatua Uingereza mwaka 43 BK, ukajaa, ukazibuliwa upya vizazi vingi baadaye, na sarafu ikaangukia katika mzibuo wa mwisho. Tunapoukata mtaro wima na kuukwangua taratibu kwa mwiko, mzibuo huo huonekana kama mstari wa kijivu unaopita ndani ya udongo wa hudhurungi, wakati mwingine mwembamba kama uzi. Shimo la koleo huufuta kwa dakika chache, na hakuna maabara itakayourudisha.

Mwaka 2010, karibu na mji wa Frome, Uingereza, mtu mwenye kifaa kama chako aligundua chungu cha sarafu, akaacha kuchimba, akawaita wanaakiolojia. Zilikuwa sarafu 52,503, zikatolewa tabaka kwa tabaka, na nyingi kati ya zile za Carausius, jemadari wa Kirumi aliyejitangaza kaizari Uingereza, ambazo ni miongoni mwa za karibuni zaidi, zilikutwa katika nusu ya chini ya chungu, si juu. Kwa hiyo chungu hakikujazwa kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, kama akiba. Kama angezizoa zote kwenye ndoo, jambo hilo lisingejulikana kamwe.

Kila wiki naletewa mfuko wa sarafu zilizong'arishwa, na mwenye nazo anataka nimwambie historia ya shamba lake, ilhali historia hiyo ameiacha kwenye rundo la udongo. Usiongeze shimo. Vigae vilivyobaki viache vilipo, andika vipimo vya mahali, piga picha, kisha mwite afisa wa vitu vya kale wa eneo lako, ambaye hatozi malipo. Na yeyote mwenye kifaa hicho asichimbe chini ya udongo uliokwisha kupinduliwa na plau.