Karnatiki kwa simu na bando: mimi nilianza kukosea kwenye sa, noti ya msingi

Mkuu, umeuliza kama mtu anaweza kujifunza kuimba Karnatiki, ule muziki wa India Kusini, kwa masomo ya bure ya mtandaoni bila mwalimu. Mimi niko mwaka wa tatu. Hatua za mwanzo utaziweza, ila usipoteze miezi mitatu kama nilivyopoteza mimi.

Nilipakua programu ya tambura, ile sauti inayovuma nyuma muda wote unapoimba, nikaiweka kwenye noti ya G kwa sababu mama anayefundisha kwenye video aliimba hapo. G ni yake. Mimi nikipanda sa ya juu nilikuwa nabweka kama konda wa Mbagala, koo linawaka moto. Nilipoishusha hadi C, sauti ikatulia. Tafuta kwanza sa yako.

Halafu anza sarali varisai, mazoezi ya kupanda na kushuka ngazi ya noti, ambayo sifa yake anapewa Purandara Dasa wa karne ya 16. Yanaimbwa kwa raga (mpangilio wa noti za wimbo) iitwayo Mayamalavagowla. Kama umekulia kwenye taarab umerahisishiwa, maana ngazi yake inaendana na maqam ya Kiarabu ya Hijaz Kar: noti ya pili na ya sita (ri na dha) zimeshuka, ya tatu na ya saba (ga na ni) ziko juu. Sikio langu lilikuwa limeshaizoea siku nyingi.

Kazi iko mkononi. Adi tala, mzunguko wa mapigo unaohesabiwa kwa mkono, ina mapigo 8: piga paja, hesabu kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, piga, geuza kiganja, piga tena, geuza. Kasi ya kwanza ni noti moja kwa pigo, ya pili mbili, ya tatu nne, na mkono haubadilishi mwendo! Wangu ulikuwa unakimbia na sauti, sikujua hadi nilipojirekodi. Jirekodi hata kama unajionea aibu. Na shika mwalimu mmoja, usirukeruke.

Nilipokwama ni kwenye gamaka, ule mtikisiko wa noti. Karatasi imeandika "ga" basi, kumbe ga ya raga Todi haitulii hata kidogo, na video haikwambii wewe umekosea wapi. Nilipofika kwenye varnam, nyimbo za mazoezi zilizo ngumu zaidi, nikasalimu amri. Sasa namlipa mwalimu aliyeko Chennai nusu saa kwa mwezi, kwa simu ya video. Somo la kwanza lote liliishia kwenye mstari mmoja.