Mbegu za mvule: usichume kwenye mti mmoja

Mvule uliobaki peke yake shambani huzaa vizuri na chini yake panafikika, ndiyo maana wachumaji huukimbilia. Miche itakayotoka hapo yote ni ya mama mmoja, na mara nyingi baba zake ni wachache. Ukiipanda kwenye kipande cha msitu, kizazi kijacho kitazaliana ndugu kwa ndugu: mbegu nyingi hazitaota, na zitakazoota zitatoa miche dhaifu.

Nyanda za chini za Usambara Mashariki, mkoani Tanga, msitu umebaki vipande vipande kati ya mkonge, misaji na mashamba ya wanakijiji. Humo hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa mvule una mti dume na mti jike. Kipande chenye mivule 10 kinaweza kuwa na majike matatu tu. Wakati wa maua, dume huning'iniza mikia myembamba myeupe, mirefu kama kiganja au zaidi. Jike hutoa kitu kifupi kinene cha kijani, mithili ya kiwavi. Tia kila mti alama ya rangi msimu huohuo, kwani maua na matunda yakishaanguka ni vigumu kuwatofautisha.

Lengo liwe miti mama 30, iliyoachana angalau mita 100, maana miti jirani mara nyingi ni ndugu. Kwa nini 30? Kila mti hubeba nakala mbili za kila jeni, hivyo miti 30 ni nakala 60. Aina ya jeni iliyo adimu, yenye nakala 5 katika kila 100, ina uwezekano usiofika asilimia 5 wa kukosekana kabisa kwenye miti hiyo 30. Kwa miti mitano uwezekano huo ni karibu asilimia 60! Kipande chako kikiwa hakina mama 30, jazia kutoka vipande jirani vyenye mwinuko na mvua zinazofanana.

Wahi matunda yaliyoiva, kwa sababu popo hawasubiri. Loweka, ponda kwa mkono, osha kwenye chekeche laini, kausha kivulini. Kila mama awe na mfuko wake na namba yake. Hapa ndipo kazi nzuri huharibika: mfuko mmoja ukijaa kuliko mingine, kitalu kizima hugeuka cha mti huo. Ukitaka miche 3,000, toa 100 kwa kila mama, hata kama mmoja amekupa mbegu za kutosha elfu kumi.

Kitaluni usibakize miche mirefu tu. Toa iliyooza au iliyopinda mizizi. Inayokua polepole iache, huenda ndiyo inayomudu ukame au wadudu.

Na mdudu wa kuogopa ni fitolima (Phytolyma), kidudu kidogo kinachofyonza utomvu wa mvule. Hutaga kwenye majani machanga, yanavimba vinundu vya kijani. Vinundu vikipasuka, kuvu huingia na kilele cha mche hufa. Miche haiumii sawasawa, mingine hustahimili. Changanya namba zote kabla ya kupanda, usiweke mstari wa mama mmoja, na tia mivule michache kati ya miti ya aina nyingine, chini ya kivuli chepesi. Shamba la mvule mtupu kwenye jua kali humpa fitolima karamu.

Mivule dume iliyosimama karibu na shamba lako, omba isikatwe. Ndiyo inayoleta chavua.