Uchumi kwenye shahada ya biashara ya kimataifa: usiukwepe

Ndugu, umeuliza kuna haja gani ya kuhangaika na uchumi wakati unasomea biashara ya kimataifa na unalenga kitengo cha masoko. Haja ipo, tena kubwa.

Chukua mfano huu. Hadi Januari 2015, benki kuu ya Uswisi ilihakikisha euro 1 haishuki chini ya faranga 1.20. Tarehe 15 ikaondoa kizuizi hicho bila kutoa taarifa mapema. Kampuni ya Uswisi iliyokuwa ikimdai mteja wa nje euro 100,000 za mzigo ilikuwa inahesabu faranga 120,000. Siku hiyo hiyo deni likawa na thamani ya kama faranga 100,000. Mzigo ule ule, mteja yule yule, faida imeyeyuka. Hapo ustadi wa matangazo haukusaidii kitu.

Kwa hiyo tilia mkazo viwango vya kubadilisha fedha, riba, mfumuko wa bei na ushuru wa forodha. Nadharia ya mwanauchumi David Ricardo ya 1817, kwamba nchi hunufaika zikijikita kwenye bidhaa ambazo kila moja inazitengeneza kwa unafuu zaidi kisha zikabadilishana, utaielewa jioni moja. Grafu zinachosha, sikatai, ila zichore kwa mkono wako mwenyewe. Ukizikariri tu, swali likigeuzwa kidogo umekwama.