Lamineti na skatingi: usizibe nafasi ya ukutani

Anayeanza kazi ya lamineti, yaani sakafu ya mbao nyembamba zinazobananishwa, huweka macho yote katikati ya chumba, kumbe huko mbao zikishabanana hazina shida. Kazi huharibikia ukingoni. Kiini cha ubao wa lamineti ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi: kikinyonya unyevu wa hewa hutanuka, hewa ikikauka hunywea. Na kwa kuwa sakafu nzima imeshikana, mwendo wote huo huishia ukutani. Ikikuta pamezibwa, sakafu huinuka katikati na kubonyea ukiikanyaga. Katika nyumba za Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, masika yakiingia, kosa hili halijifichi.

Kwa hiyo acha milimita 10 kila mahali: ukutani, kwenye fremu za milango, kwenye nguzo na kuzunguka mabomba. Skatingi, yaani ule ubao au kigae cha chini ya ukuta, ipo kufunika nafasi hiyo, si kuijaza.

Ukiwa na skatingi ya mbao, itoe. Kwanza kata rangi kwa kisu pale skatingi inapogusana na ukuta, la sivyo plasta itabanduka nayo. Ingiza patasi pana karibu na kila msumari, ukiwa umeweka kipande cha ubao nyuma yake ili isichimbe ukuta. Kila kipande kiandike namba, na namba ileile uiandike ukutani. Wakati wa kurudisha, misumari iingie ukutani tu. Msumari mmoja ukishika lamineti umeifunga sakafu. Tandika karatasi ngumu chini ya skatingi unapopigilia, kisha ivute: utajua skatingi haikandamizi sakafu. Pima pia unene wake. Skatingi ya milimita 15 inafunika nafasi ya 10 vizuri, lakini ya milimita 9 itaacha ufa mweusi unaoonekana.

Nyumba zetu nyingi zina skatingi ya vigae au ya terazo, nayo usiibomoe, maana huondoka na plasta. Pima milimita 10 kutoka uso wa kigae, kisha funika kwa kwota, yaani ule ubao mwembamba wa robo duara, wa milimita 18 au 20. Kwota igundishwe kwenye skatingi peke yake, kwa gundi ya ujenzi, bila hata tone kugusa lamineti. Ishikilie kwa tepu ya karatasi mpaka gundi ikauke. Kwenye kona kata nyuzi 45, na kata kila kipande kirefu kidogo kuliko kipimo, kwa sababu kona za kuta za plasta ni chache zilizo nyuzi 90 kamili. Kupunguza ni rahisi, kurefusha hakupo. Kujaza nafasi kwa saruji nyeupe au puti ndiyo njia ya haraka ya kuivimbisha sakafu.

Kabla ya kukata ubao wa kwanza, piga hesabu ya mistari ya mbao. Tuseme chumba kina upana wa milimita 3,120. Toa 20 za pande mbili, zinabaki 3,100. Ubao wenye upana wa 193 unaingia mara 16 na kubakiza milimita 12. Kipande cha milimita 12 hakishiki wala hakikatiki vizuri. Mstari wa mwisho usipungue sentimita 5. Basi chukua hizo 12, ongeza ubao mmoja wa 193, upate 205, na ugawe kwa mbili: mstari wa kwanza na wa mwisho kila mmoja takriban milimita 102, katikati mbao 15 nzima.

Ukuta uliopinda usiupime kwa tepu sehemu moja tu. Laza ubao mpya juu kabisa ya mstari wa mwisho uliokwisha fungwa, ukielekea upande uleule. Chukua kipande kingine cha upana kamili kilichokatwa ulimi (ukingo uliochomoza wa kuingia kwenye ubao wa jirani), kiegemeze kwenye kabari ya milimita 10, kile kipande cha kushikilia nafasi ukutani, kisha kisukume kando ya ukuta huku penseli ikifuata ukingo wake wa pili. Mstari wa penseli utapinda jinsi ukuta ulivyopinda. Sehemu isiyofunikwa na kipande hicho ndiyo unayoihitaji. Jigso, yaani msumeno mdogo wa umeme, ya blade ya kawaida hukata ikipanda, hivyo geuza uso wa ubao chini usije ukamomonyoka. Kwa msumeno wa mkono uso ukae juu.

Fremu ya mlango ya mbao ndiyo inayotofautisha kazi safi na ya kubahatisha. Usikate lamineti kuifuata fremu. Kata fremu yenyewe kwa chini. Weka kipande cha lamineti juu ya sponji, ile inayotandikwa chini ya mbao, kama kipimo, lalia msumeno juu yake, ukate, kisha ubao uingie chini ya fremu, ile nafasi ya milimita 10 ikibaki humo ndani. Kumbuka sakafu imepanda: lamineti ya milimita 8 na sponji ya 3 ni milimita 11, na mlango unaofungukia ndani utahitaji kurandwa chini. Kwenye bomba, toboa tundu lililozidi kipenyo chake kwa milimita 20.

Kabari ulizoweka ukutani kushikilia nafasi zitoe zote kabla ya kurudisha skatingi. Moja ikisahaulika, upande huo utabaki umebanwa.