Wageni kuchuma maua Kitulo

Pole mdogo wangu, umesema wageni unaowapeleka Hifadhi ya Taifa ya Kitulo wanachuma maua ya okidi wapige nazo picha na mmoja alitaka kung'oa akapande kwake. Hiyo ya kung'oa mwambie haitashika, okidi inategemea kuvu za udongo wake, anaiua bure tu. Mi naongea nao getini kabla hawajashuka kwenye gari, maana wakishaona maua ya Januari hawasikii tena, anayetaka picha achuchumae palepale njiani. Na wasiposti na lokesheni, wachimbaji wa chikanda, yaani viazi vya okidi vya kupikia chakula, nao wana simu. Ukikuta vishimo vibichi, majani yametupwa na viazi havipo, usiwafuate, wana majembe hao, waite askari wa hifadhi wa TANAPA.